Kizuizi Bila Hukumu: Watu Waliodai Sababu Mbele ya Mahakama

Waswahili husema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Maneno hayo humjia mtu akilini asomapo habari za watu waliotiwa kizuizini wakati wa vita, kisha wakathubutu kuishtaki serikali iliyowatia humo. Mshtaki hana uhuru, hana fedha, na mara nyingi hata karatasi ya kuandikia hana. Mshtakiwa ni serikali yenye askari, magereza na mawakili. Hata hivyo watu wa namna hiyo wamepata kutokea katika nchi nyingi, na baadhi yao ni wazee wetu wenyewe wa Kenya. Katika insha hii tutafuata safari ya dai lao kutoka Lagos hadi London, kutoka London hadi kambi ya Hola, na kutoka Hola kurudi tena London baada ya nusu karne.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa, yaani kifungo na kizuizi. Mfungwa ni mtu aliyepelekwa mahakamani, akasomewa shtaka, akasikilizwa, akatiwa hatiani, kisha akahukumiwa kwa muda unaojulikana. Pengine alihukumiwa kwa dhuluma, lakini walau anajua ameambiwa kuwa alitenda nini, na anaijua siku yake ya kutoka. Mtu aliye kizuizini hana lolote katika hayo. Yeye hashikwi kwa jambo alilolitenda, bali kwa jambo ambalo mtawala anahofu kwamba huenda akalitenda. Hapana shtaka, hapana shahidi, hapana hukumu, wala hapana siku ya mwisho. Mfungwa huhesabu siku zilizobaki. Aliye kizuizini huhesabu zilizopita.

Sheria ya Kiingereza, ambayo wakoloni waliieneza katika makoloni yao, inayo dawa ya kale ya ugonjwa huu. Jaji aweza kumwamuru yeyote anayemshika mtu amlete mtu huyo mahakamani na kueleza ni kwa sheria gani amemshika. Amri hiyo hujulikana kwa jina lake la Kilatini, habeas corpus. Haiulizi kama aliyeshikwa ni mtu mwema au mbaya. Huuliza tu ameshikwa kwa mamlaka gani. Wakati wa amani swali hilo hujibiwa upesi. Wakati wa vita watawala husema kwamba jibu ni siri ya serikali. Basi mgogoro wote tutakaoueleza hapa hurejea kwenye jambo moja: serikali ikisema kwamba inazo sababu za kumzuia mtu, ni nani azipimaye sababu hizo? Je, ni yule yule aliyemkamata, au ni jaji?

Mtemi wa Lagos

Mtu mmoja aliyelifikisha swali hili mbele ya majaji wa juu kabisa wa dola ya Kiingereza alikuwa Mwafrika. Huyo ni Eshugbayi, aliyekuwa na cheo cha Eleko, yaani mtemi wa Lagos katika Nigeria. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilimwondoa katika utemi wake na kumhamishia Oyo, mbali na watu wake. Sheria iliyotumiwa ilimruhusu Gavana kumhamisha mtemi aliyeondolewa ikiwa mila ya wenyeji ilitaka ahame. Eshugbayi alidai amri ya kuletwa mahakamani. Serikali ilijibu kwamba Gavana amekwisha kuamua, na kwamba si kazi ya mahakama kuchunguza uamuzi wa Gavana.

Kesi hiyo ilipanda hadi Baraza la Mfalme mjini London, ambalo lilikuwa likisikiliza rufani kutoka makoloni. Mwaka 1931 Baraza hilo liliamua kwamba mahakama haiwezi kulikwepa jambo hilo. Kama sheria imeweka masharti, ni juu ya mahakama kuchunguza kama masharti hayo yametimizwa. Afisa wa serikali hana ruhusa ya kugusa uhuru wa mtu ila kwa kuonyesha mbele ya jaji kwamba sheria inamruhusu. Aliyeutoa uamuzi huo aliitwa Lord Atkin. Mwaka huo huo Eshugbayi alirudi Lagos. Yafaa tulikumbuke jina la jaji huyo, kwani tutakutana naye tena baada ya miaka kumi, katika hali ngumu zaidi.

London wakati wa mabomu

Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, serikali ya Uingereza ilijipa madaraka makubwa. Miongoni mwa kanuni zake ilikuwamo Kanuni ya 18B, iliyomruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Hapo kwanza kanuni hiyo ilisema kwamba Waziri aweza kufanya hivyo kama ameridhika kwamba ni lazima. Wabunge wengi walilipinga neno hilo, wakaona linampa mtu mmoja madaraka yasiyo mpaka. Baada ya mjadala wa mwisho wa Oktoba 1939, maneno yalibadilishwa. Kanuni mpya ilisema kwamba Waziri awe na sababu ya kutosha ya kuamini kwamba mtu huyo ni wa hatari. Msomaji na ayashike maneno hayo mawili, kuridhika na sababu ya kutosha, kwa maana tofauti yake ndiyo kiini cha habari yote inayofuata.

Katika majira ya joto ya mwaka 1940 Ufaransa ilianguka, na hofu ikaenea Uingereza. Watu zaidi ya elfu moja walitiwa kizuizini kwa Kanuni ya 18B. Wengi wao walikuwa wafuasi wa chama cha Kifashisti cha nchi hiyo, lakini wako wengine ambao hawakuwa na uhusiano wowote na chama hicho. Mmoja wao aliitwa Robert Liversidge, mzaliwa wa London katika ukoo wa Kiyahudi, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jacob Perlzweig. Wakati wa kukamatwa alikuwa afisa katika jeshi la anga la Uingereza. Alipelekwa katika gereza la Brixton mwezi wa Mei 1940. Hati ya kizuizi chake ilikuwa imetiwa sahihi na Waziri Sir John Anderson, ambaye kabla ya vita alikuwa Gavana wa Bengal katika India, nchi ambako kuwaweka watu kizuizini bila hukumu kulikuwa jambo la kawaida katika utawala wa kikoloni.

Liversidge alimshtaki Waziri kwa kumfunga isivyo halali. Hakuomba kwamba mahakama imtangaze kuwa mtu mwema. Alitaka Waziri aeleze ni sababu zipi alizokuwa nazo. Waziri alikataa, akasema kwamba hati yenyewe yatosha.

Mnamo tarehe 3 Novemba 1941 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilitoa uamuzi. Majaji walikuwa watano. Wanne walisema kwamba katika wakati wa vita maneno ya kanuni yatosheleza ikiwa Waziri mwenyewe anaamini, kwa nia njema, kwamba anazo sababu. Kwa hiyo mahakama haikuwa na haki ya kumwuliza zaidi. Jaji wa tano, Lord Atkin, alikataa kabisa. Alisema kwamba kuwa na sababu ya kutosha ni jambo moja, na kudhani kwamba unayo ni jambo jingine, na kwamba maneno ya Kiingereza hayawezi kugeuzwa maana kwa sababu tu ya vita. Alieleza kwamba hata katikati ya mlio wa silaha sheria haziwi bubu: zaweza kubadilishwa na Bunge, lakini lugha zinayoisema wakati wa vita ndiyo ile ile ya wakati wa amani. Tena aliwalaumu majaji wenzake kwa kujionyesha kuwa watetezi wa serikali kuliko serikali yenyewe.

Maneno hayo yaliwachukiza wenzake, hata mmoja wao akaandika barua gazetini kumlaumu. Liversidge alishindwa kesi. Hata hivyo muda si mrefu baadaye Waziri mwingine aliyeshika nafasi ya Anderson alimwachilia. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Mahakama ilimnyima mtu huyu jibu, lakini kule kuuliza kwake kuliifanya serikali ilitazame tena faili lake. Atkin alifariki mwaka 1944. Rai yake ilikuwa ya jaji mmoja dhidi ya wanne, wala haikuwa na nguvu ya sheria.

Neno lililovuka bahari

Miaka kumi na mmoja baada ya kesi ya Liversidge, tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Serikali haikupenda kuyaita mambo yale vita, ingawa majeshi, ndege na mabomu vilitumika katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Usiku ule ule viongozi wengi wa Chama cha Waafrika wa Kenya, KAU, walikamatwa. Kisha zilitolewa kanuni za hali ya hatari, na Gavana akapewa uwezo wa kumweka mtu kizuizini kila aliporidhika kwamba ni lazima kwa ajili ya usalama. Lile neno ambalo Wabunge wa Uingereza walilikataa lisitumiwe juu yao wenyewe lilionekana kuwa lafaa kutumiwa juu ya Waafrika. Kwa neno hilo, hata rai ya Atkin isingekuwa na mahali pa kushika kwa urahisi, kwa maana kanuni haikudai sababu ya kutosha. Ilidai tu kuridhika kwa mtawala.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ya Uingereza mara nyingi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, yakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu, wakapelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini kwa wakati mmoja. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanakadiria kwamba jumla ya waliopitia kambi hizo ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Waliosomewa mashtaka nao hawakuwa na nafuu, kwani zaidi ya watu elfu moja walinyongwa. Lakini hawa walau walisimama mbele ya hakimu. Wale wa kambini hawakusimama mbele ya yeyote ila maafisa waliowahoji.

Katika kambi hizo utaratibu wa haki uligeuzwa juu chini. Mahakamani ni kazi ya serikali kuthibitisha kosa, na mshtakiwa aweza kunyamaza. Kambini serikali haikuthibitisha lolote. Mtu ndiye aliyetakiwa kuungama. Waliwekwa katika madaraja, wakapewa majina ya rangi, weupe, kijivu na weusi, kadiri walivyodhaniwa kulainika au kuwa wagumu. Aliyeungama kiapo alisogezwa kambi iliyo karibu na kwao. Aliyekataa, au asiyekuwa na la kuungama, alirudishwa nyuma. Ilikuwako kamati ya kusikiliza malalamiko ya waliozuiliwa, lakini kazi yake ilikuwa kutoa shauri tu, na mlalamikaji hakuonyeshwa ushahidi aliotakiwa kuujibu. Kujitetea dhidi ya tuhuma usizozijua ni sawa na kupigana mweleka na kivuli.

Mfano mmoja waonyesha nguvu ya kizuizi kuliko maelezo mengi. Katika kesi maarufu ya Kapenguria, watu sita, pamoja na Jomo Kenyatta, walihukumiwa mwezi wa Aprili 1953. Mmoja wao, Ramogi Achieng' Oneko, alikata rufani, na mwezi wa Januari 1954 mahakama ikaifuta hukumu yake. Kwa sheria ya kawaida angerudi nyumbani siku ile. Badala yake alizuiliwa chini ya kanuni za hali ya hatari, akakaa miaka mingi kizuizini. Kenyatta naye alipomaliza muda wa kifungo chake mwaka 1959 hakuachiliwa. Alilazimishwa kukaa Lodwar, na uhuru wake haukurudi ila mwezi wa Agosti 1961. Kwa hiyo mahakama ilipomwona mtu kuwa hana hatia, kizuizi kilimpokea mlangoni. Na kifungo kilipokwisha, kizuizi kilikirefusha.

Kalamu kambini

Ikiwa mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa, je, waliozuiliwa walinyamaza? Hapana. Waliandika. Waliandika kwa Gavana, kwa Waziri wa Makoloni na kwa Wabunge wa London, kwa karatasi walizozipata kwa hila, wakazipitisha barua zao kwa siri. Josiah Mwangi Kariuki, aliyekaa kizuizini miaka saba na kupitishwa katika kambi nyingi, alisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1963 jinsi alivyoandika barua za namna hiyo, na jinsi alivyopigwa kwa ajili yake. Katika barua hizo waliozuiliwa hawakuomba huruma peke yake. Walitaja sheria na kanuni za magereza, wakauliza ni kanuni gani iliyoruhusu chakula haba, kazi ya kulazimishwa na mapigo. Walikuwa wakifanya, pasipo wakili na pasipo jaji, kazi ile ile aliyoifanya Eleko wa Lagos: kumtaka mtawala aonyeshe sheria inayomruhusu.

Nao walikuwa na msingi. Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu utahusu Kenya pia. Mwaka 1954 ilitoa taarifa kwamba kwa sababu ya hali ya hatari haitaweza kuufuata wote. Lakini Mkataba huo hauruhusu kabisa, hata wakati wa vita, kuwatesa watu. Sheria ilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kuisema kwa sauti mahali ambapo ingesikika.

Sauti hiyo ilisikika kwa njia ya msiba. Katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, walikuwako watu waliokataa kufanya kazi za kulazimishwa kwa hoja kwamba wao si wafungwa waliohukumiwa. Tarehe 3 Machi 1959 walitolewa kwa nguvu kwenda kazini, wakapigwa kwa marungu, na watu kumi na mmoja wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Vifo vilipochunguzwa mbele ya hakimu, ilidhihirika kwamba watu hao walikufa kwa majeraha ya kupigwa. Hiyo ilikuwa mara moja katika miaka mingi ambapo swali la kilichotendeka kambini liliulizwa chini ya kiapo, na swali hilo moja lilitosha kuutikisa utawala. Bunge la Uingereza lilijadili habari za Hola kwa uchungu mwezi wa Julai 1959. Hali ya hatari iliondolewa rasmi mwezi wa Januari 1960. Hata hivyo hapana afisa aliyeshtakiwa kwa vifo vile.

Wazee warudi London

Kwa miaka mingi baada ya uhuru jambo hili lilikaa kimya. Chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya hadi mwaka 2003, kwa hiyo wazee waliokuwa wamezuiliwa hawakuweza hata kujiandikisha kwa jina hilo. Baada ya marufuku hiyo kuondolewa, chama chao, kikisaidiwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo si ya serikali, kilianza kukusanya ushahidi. Mwezi wa Juni 2009 wazee watano walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London.

Miongoni mwao alikuwamo Wambugu wa Nyingi. Mzee huyu alikamatwa mwezi wa Desemba 1952, akakaa kizuizini yapata miaka tisa bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Alikuwako Hola siku ile ya tarehe 3 Machi. Alipigwa hata akapoteza fahamu, akalazwa pamoja na maiti. Alikuwamo pia Paulo Muoka Nzili, aliyehasiwa akiwa mikononi mwa walinzi wa kambi, na Jane Muthoni Mara, aliyeteswa na kudhalilishwa akiwa msichana mdogo.

Serikali ya Uingereza ilileta hoja mbili. Ya kwanza ilisema kwamba wajibu wa mambo ya kikoloni ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Mwezi wa Julai 2011 Jaji McCombe aliamua kwamba hoja hiyo haitoshi kuifunga kesi, na kwamba wazee wana dai linalostahili kusikilizwa. Ya pili ilisema kwamba miaka mingi mno imepita, na muda wa kudai umekwisha. Hapa ndipo karatasi zilipowatetea wazee. Wakati wa kuondoka, wakoloni walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha London. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba faili zipatazo 1,500 za Kenya zilikuwa zimefichwa katika ghala lake la Hanslope Park, pamoja na maelfu ya faili za makoloni mengine. Katika nyaraka za miaka ile ilionekana barua ya mwaka 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa Kenya alimwandikia Gavana kuhusu mapigo ya kambini, akisema kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimya kimya. Serikali iliyoandika mengi namna hiyo haikuweza kusema kwamba ushahidi umepotea.

Katika mwaka 2012 wakili wa serikali alikiri mahakamani kwamba wazee hao waliteswa. Tarehe 5 Oktoba 2012 Jaji aliamua kwamba kesi ya Nzili, Nyingi na Mara yaweza kuendelea ingawa miaka zaidi ya hamsini imepita. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama Bungeni akatangaza kwamba serikali yake inatambua kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni na inasikitika kwa dhati. Pauni milioni 19.9 zilitolewa kwa walalamikaji 5,228 na gharama za kesi yao. Serikali hiyo ilichangia pia kujenga kumbukumbu ya walioteswa, iliyofunguliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, mwezi wa Septemba 2015.

Hatuna budi kusema pia yale yasiyofurahisha. Serikali ya Uingereza haikukubali kwamba ilikuwa na wajibu wa kisheria. Ilisikitika na kulipa, basi. Fedha hizo, zikigawanywa kwa watu wote wale, hazikuwa nyingi. Zaidi ya hayo, walalamikaji wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi yao baadaye, na mwaka 2018 jaji mwingine alikataa kuondoa kizuizi cha muda. Aliona kwamba kumbukumbu zimefifia na mashahidi wengi wamekufa, na kesi hiyo ikafa nayo. Kwa hiyo ucheleweshaji ule ule uliosababishwa na ukimya wa miaka mingi ukawa hoja dhidi ya waliolazimishwa kunyamaza.

Urithi wa swali

Mtu aweza kuuliza: ikiwa Liversidge alishindwa, na maelfu ya wazee wetu hawakupata kitu, kuna faida gani kuzikumbuka kesi hizi?

Jibu la kwanza latoka kule kule London. Mwishoni mwa mwaka 1979 Baraza la Malodi lilikiri katika kesi nyingine kwamba majaji wanne wa mwaka 1941 walikosea, na kwamba Atkin ndiye aliyekuwa na haki. Rai ya mtu mmoja ilingoja karibu miaka arobaini, lakini ilikuwa imeandikwa, na kwa hiyo ilikuwapo siku ilipohitajiwa.

Jibu la pili latuhusu sisi zaidi. Nchi zetu zilipopata uhuru zilirithi pia chombo hiki cha kikoloni. Tanganyika ilitunga sheria ya kizuizi mwaka 1962, na sheria hiyo ikasema kwamba amri za Rais hazitahojiwa na mahakama yoyote. Kenya iliweka kanuni zake mwaka 1966. Achieng' Oneko, yule yule aliyezuiliwa na Waingereza baada ya mahakama kumwona hana hatia, alizuiliwa tena katika Kenya huru kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Haya hayasemwi ili kuwahukumu watu wa zamani. Yanasemwa ili ijulikane kwamba ubaya wa kizuizi haukuwa katika rangi ya aliyetia sahihi, bali katika hati isiyoweza kuhojiwa.

Sehemu ya sheria ya Kenya iliyoruhusu kizuizi bila hukumu ilifutwa mwaka 1997. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikaingia katika kiini cha jambo. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo unakwisha wakati mahakama imefungwa. Ibara ya 25 inataja haki nne zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote, na mojawapo ni ile amri ya kale ya kumleta mtu mbele ya jaji. Nayo Ibara ya 58 inaipa Mahakama ya Juu uwezo wa kuamua kama tangazo lenyewe la hali ya hatari ni halali. Kwa maneno mengine, swali la nani azipimaye sababu limejibiwa: ni mahakama.

Mwalimu anayefundisha ibara hizo na awaeleze wanafunzi wake kwamba hazikuletwa na mvua. Mtemi wa Lagos alikataa kuhamishwa kimya kimya. Jaji mmoja mzee aliwapinga wenzake wanne. Watu wa Hola walikataa kufanya kazi ya wafungwa kwa kuwa hawakuhukumiwa. Na Mzee Wambugu wa Nyingi, baada ya miaka tisa ya kizuizi na nusu karne ya kungoja, alipanda ndege akaenda kuwauliza waliomzuia swali ambalo hawakupata kumjibu: mlinishika kwa kosa gani? Katika sehemu nyingi za nchi hii bado wako wazee waliopitia kambi hizo, au watoto wao wanaokumbuka waliyosimuliwa. Mwanafunzi atakayekwenda kuwasikiliza na kuyaandika maneno yao atakuwa ametunza sehemu ya utamaduni wa taifa lake, na huenda pia atakuwa ametunza ushahidi.